Besi inavuma, inakwaruza au inalia zzz: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo, hatua kwa hatua

Gitaa la besi linavuma. Mwenyewe ameshabadili nyuzi, amenunua waya mpya, amekaza hadi ile chuma ya ndani ya shingo, na bado inavuma. Naletewa kesi za namna hii na wapigaji wa kwaya, wa bendi na wanaojifunzia chumbani, na karibu zote zina kasoro moja: dawa imetangulia uchunguzi.

Kelele ya umeme haiponi kwa kugusa shingo, na uzi unaogonga freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) hautulii kwa kununua waya wa bei. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Kila hatua inaondoa sehemu moja kwenye orodha ya watuhumiwa. Ukiruka, utarudi mwanzo.

Mfano ninaoufuata ni besi ya nyuzi nne yenye pikapu mbili (zile sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi), mtindo wa Jazz Bass, kwa kuwa ndiyo unayokutana nayo kila mahali, ya Fender yenyewe au nakala zake. Besi nyingine zinatofautiana kidogo, na nitakwambia wapi.

## Vifaa vya kuandaa

- Waya wa gitaa wa pili ambao una hakika ni mzima. Azima kama huna.
- Multimita. Ya bei rahisi inatosha.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, pamoja na aleni kii za saizi ya besi yako.
- Tyuna, hata ya kwenye simu.
- Karatasi za kawaida za fotokopi, rula yenye milimita na kadi ya benki.
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti za vifaa vya umeme.
- Pasi ya kuchomea risasi, kama unajua kuitumia. Kama hujui, iache. Hatua nyingi haziihitaji.
- Betri mpya ya volti 9, kama besi yako ina sehemu ya betri.

## Kabla ya yote: usalama

Plagi ya pini tatu tunayotumia Kenya na Tanzania ina pini ndefu ya juu. Hiyo ndiyo ethi. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukiikata au ukiiacha nje, mvumo unakwisha. Ni kweli wakati mwingine unakwisha, na ndiyo sababu ushauri huu haufi. Lakini nyuzi za besi yako zimeunganishwa na bodi ya amplifaya kupitia waya. Siku amplifaya itakapovuja umeme, ethi ikiwa haipo, umeme huo utapita kwako, mkono ukiwa kwenye nyuzi na mdomo kwenye maiki. Usiikate ethi kwa sababu yoyote.

Jihadhari pia na amplifaya za mitumba kutoka Japani na Marekani. Za Japani zimetengenezwa kwa volti 100, za Marekani kwa volti 120, na nyingi zina plagi ya pini mbili. Wengi wanaipenyeza plagi hiyo kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la ethi. Mbali na kuunguza amplifaya isiyo na transfoma ya kushusha umeme, unapiga bila ethi kabisa. Mpe fundi umeme aifunge ipasavyo.

Ukihisi shoti unapogusa maiki huku umeshika besi, acha kupiga, zima, chomoa. Hilo ni la kumwita fundi umeme wa jengo, na halisubiri ibada iishe.

Mwisho, usifungue amplifaya. Ndani kuna kapasita zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

## Hatua ya 1: Piga bila amplifaya

Chomoa waya, kaa mahali pa kimya, egemeza sikio karibu na mwili wa besi. Piga kila uzi ukiwa wazi, kisha panda freti moja moja hadi mwisho. Usiharakishe, na andika palipo na kelele: uzi gani, freti ya ngapi.

Kama kelele inasikika hapa, ni ya mguso. Kitu kinagonga kitu. Ruka hadi hatua ya 7.

Kama hapa besi ni safi na kelele inakuja ukichomeka tu, ni ya umeme. Endelea na hatua ya 2.

Kuna la kati: unasikia zzz bila amplifaya, lakini ukichomeka na kupiga kwa sauti ya kawaida haisikiki. Hiyo mimi siihangaikii. Besi yenye nyuzi zilizo chini hulia kidogo, na pikapu haiichukui yote. Wengi wamepandisha nyuzi hadi vidole vikachubuka kwa kufukuza kelele ambayo hakuna msikilizaji angeisikia.

## Hatua ya 2: Amplifaya peke yake

Washa amplifaya bila kuchomeka chochote. Weka voliumu mahali unapopigia siku zote.

- Inavuma vilevile: besi yako haina hatia. Tatizo ni amplifaya au umeme wa jengo. Nenda hatua ya 5.
- Inatoa "shhh" laini: ni kawaida. Ikizidi, punguza trebo, na kama spika ina swichi ya twita (spika ndogo ya sauti za juu), izime. Besi haipotezi mengi.
- Kimya: chanzo kiko kwenye waya au besi.

Sasa chomeka besi moja kwa moja, bila pedali wala kiboksi chochote katikati. Kelele ikipotea, chanzo ni kimojawapo cha ulivyoviondoa. Virudishe kimoja kimoja. Mara nyingi anayepatikana ni adapta ya pedali, hasa adapta moja iliyogawanywa kulisha pedali kadhaa.

## Hatua ya 3: Waya

Badili waya kwa ule mzima. Kelele ikiisha, umemaliza. Ikibaki, rudisha wako na endelea, ila kwanza uupime ili usije kukuchanganya mbele ya safari.

Jeki ina sehemu mbili: ncha, na shina refu lililobaki. Weka multimita kwenye omu. Ncha hadi ncha isome omu 1 au 2, shina hadi shina vivyo hivyo. Ncha hadi shina isisome kitu. Wakati unapima, kunjakunja waya karibu na jeki zote mbili, maana hapo ndipo unapokatikia. Namba ikirukaruka, waya umekufa, hata kama jana ulipiga.

Halafu fungua kifuniko cha jeki utazame ndani. Waya wa gitaa una uzi mmoja katikati, umezungukwa na wavu wa nyuzi nyembamba za shaba. Ukikuta nyaya mbili nene zinazofanana, huo ni waya wa spika. Unatoa sauti, ndiyo, lakini hauna wavu wa kuzuia mvumo. Utavuma kwenye besi yoyote duniani. Makosa haya ni mengi kwa sababu kwa nje waya hizo mbili zinafanana, na wauzaji wengi huziweka rundo moja.

## Hatua ya 4: Mvumo, na jaribio la kugusa

Hii ndiyo hatua inayoangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwanza hakikisha ni mvumo wa umeme wa jengo. Umeme wetu una hezi 50. Noti ya G kwenye uzi wa E, freti ya 3, ina hezi 49. Piga G hiyo usikilize. Kama mvumo umekaa karibu nayo kabisa, juu yake kidogo, au unalingana hivyo na uzi wa G ukiwa wazi (hezi 98, wakati umeme ulio maradufu ni hezi 100), umempata. Huo ni umeme.

Sasa fungua voliumu zote za besi. Usipige. Sikiliza mvumo ukiwa hujagusa chuma chochote, kisha ugusie kiganja kwenye nyuzi.

Mvumo unapungua ukigusa nyuzi. Waya wa ethi wa besi ni mzima. Mwili wako unanasa umeme wa hewani kama antena, na ukishika nyuzi unaunganishwa na ethi. Kinachokosekana ni kinga ndani ya tundu la pikapu na la nobu. Dawa yake iko mwisho wa hatua hii.

Ukigusa nyuzi hakuna mabadiliko, ukigusa shina la jeki unapungua. Waya unaotoka kwenye nobu kwenda chini ya brigi (kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini) umekatika au umeachia. Thibitisha: chomeka waya kwenye besi, weka ncha moja ya multimita kwenye brigi, nyingine kwenye shina la jeki ya upande wa pili, ambao haujachomekwa popote. Isome chini ya omu 2. Ikikataa, kwaruza kidogo skurubu ya brigi, maana vanishi huzuia kipimo. Ikikataa tena, fungua brigi. Utakuta waya mwembamba chini yake ambao haugusi kitu. Uunyooshe, uulaze bapa chini ya brigi, kaza skurubu. Mara nyingi huhitaji hata pasi. Angalizo: besi zenye pikapu za EMG za betri huachwa bila waya huu kwa makusudi, usiuongeze.

Ukigusa nyuzi mvumo unapanda. Nyaya mbili kwenye tundu la jeki zimebadilishana, jambo la kawaida kwa besi iliyowahi kufunguliwa. Wavu wa ethi uende kwenye mguu unaogusa shina, waya wa sauti uende kwenye ule wenye ulimi unaogusa ncha. Kama nyaya ziko sawa, shuku ethi ya ukutani na uende hatua ya 5.

Kugusa hakubadilishi kitu, ila ukigeuka mwili mzima mvumo unapanda na kushuka. Hiyo ni sumaku ya transfoma iliyo karibu, inanaswa na koili za pikapu. Kinga ya karatasi ya shaba haitasaidia. Sogea mbali na amplifaya mita mbili tatu, tafuta pembe yenye ukimya na usimame hapo.

Kwenye Jazz Bass kuna siri iliyo wazi ambayo wengi hawajaambiwa. Pikapu zake mbili zimesukwa kinyume, na sumaku zimepinduliwa, ili mvumo wa moja uue wa nyingine. Hilo linafanyika pale tu voliumu zote mbili zikiwa sawa. Ukishusha moja nusu ili upate sauti ya pikapu ya upande wa brigi, mvumo unarudi. Hakuna kilichoharibika. Fungua zote mbili hadi mwisho usikilize: mvumo ukizama, besi yako ni nzima, na kama sauti ya pikapu moja ndiyo unayoitaka siku zote, weka pikapu za koili mbili zilizotengenezwa kwa umbo hilohilo. Precision Bass tangu 1957 ina pikapu iliyogawanywa vipande viwili vinavyouana mvumo, kwa hiyo yenyewe ikivuma sana una tatizo la kweli.

*Jinsi ya kuweka kinga.* Chukua karatasi ya shaba yenye gundi inayopitisha umeme. Fungua bamba la mbele, toa nobu na pikapu, kisha ufunike kuta na sakafu ya tundu lote, vipande vikipandana kwa sentimita moja. Funika na nyuma ya bamba, ili vikifungwa vigusane. Unganisha shaba na ethi kwa kuchomelea waya hadi mgongoni mwa kikopo cha chuma kilicho chini ya nobu ya voliumu. Pima: kutoka kona yoyote ya shaba hadi shina la jeki isome karibu na sifuri.

Onyo moja. Pale tundu la jeki lilipo, ulimi unaogusa ncha husogea waya unapochomekwa. Ukigusa shaba, besi inakuwa bubu. Bandika selotepu ya umeme juu ya shaba mahali hapo. Foili ya jikoni hufanya kazi kwa shida, kwa kuwa haishiki risasi na gundi ya kawaida haipitishi umeme kati ya kipande na kipande.

*Ukifaulu:* ukishika nyuzi, voliumu zote zikiwa wazi, unasikia "shhh" ya amplifaya tu. Ukiachia, kunaongezeka kidogo sana au hakuna.

## Hatua ya 5: Umeme wa jengo na majirani zake

Zima kimoja kimoja huku ukisikiliza: taa za tyubu, swichi za kufifisha taa, feni, chaja ya simu, chaja ya laptopu, inveta ya sola. Chaja za bei chee ni wabaya wakubwa. Simu nayo iweke mbali na pikapu; ile "dit-dit-dit" inayotangulia simu kuita ni yake.

Kama amplifaya yako imeunganishwa na miksa, chomoa waya wa kwenda kwenye miksa kwanza. Mvumo ukikatika papo hapo, una mzunguko wa ethi: amplifaya ina ethi yake kutoka tundu moja la ukutani, miksa ina yake kutoka tundu jingine, na waya wa sauti umeziunganisha. Tiba ni mbili. Ya kwanza, chomeka vyote kwenye tundu moja, kwa ekstensheni moja nzuri yenye pini tatu, siyo ekstensheni juu ya ekstensheni. Ya pili, tumia swichi ya kukata ethi iliyoko kwenye kiboksi cha DI (kile kinachounganisha besi na miksa) au nyuma ya amplifaya. Swichi hiyo inakata ethi ya waya wa sauti tu. Ethi ya kukulinda inabaki kwenye plagi. Hapo ndipo tofauti yake na kukata pini.

Kwenye jenereta, mvumo mara nyingi unatokana na kukosa ethi kabisa. Fundi umeme apigilie ethi ardhini na kuifunga ipasavyo. Multimita inaweza kukuonyesha hatari mapema: iweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za besi, nyingine kwenye kichwa cha maiki. Volti zikizidi chache tu, usiviguse pamoja.

## Hatua ya 6: Mikwaruzo, milipuko na sauti inayopasuka

*Inakwaruza ukizungusha nobu.* Vumbi na kutu. Toa nobu, puliza dawa ya kontakti kwenye upenyo wa kile kikopo cha chuma kilicho chini yake, zungusha mara ishirini hivi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mafuta ya kulainishia bawaba siyo dawa hii, yanaacha utelezi unaokusanya vumbi zaidi.

*Inapiga "pa" au kukatika ukicheza.* Tundu la jeki limelegea. Kaza nati yake, lakini shika tundu lisizunguke kwa ndani, la sivyo utakata nyaya. Kisha fungua, ukunje ulimi kidogo kuelekea ndani ili ubane ncha. Ukichomeka unatakiwa usikie "klik" thabiti.

*Kishindo kikubwa unapochomoa ukiwa kwenye miksa.* Mwombe fundi mitambo azime chaneli kwanza. Zile volti 48 za kulisha maiki za kondensa hufanya hivyo.

*Sauti inapasuka, noti za chini zinakuwa kama zimevimba.* Kama besi ina betri, ibadili kabla ya kufikiri lingine. Betri mpya ya volti 9 husoma zaidi ya 9. Ikishuka chini ya 8, itupe. Kuchomeka waya ndiko kunakowasha sakiti, kwa hiyo ukiacha umechomekwa usiku kucha betri inaliwa bure. Besi isiyo na betri ikipasuka, shusha geini ya amplifaya, na utazame kama pikapu iko juu mno kiasi cha kugongwa na uzi.

## Hatua ya 7: Uzi unalia zzz kwenye freti

Nyuzi nne za besi huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70. Ndani ya shingo kuna chuma, trasi rodi, inayovuta kinyume. Mizani hiyo inabadilika na hali ya hewa. Aliyeleta besi Mombasa au Tanga kutoka bara ameshaliona hilo.

Weka tyuni kwanza. Vipimo vya nyuzi zilizolegea havina maana.

Sasa soma ulichoandika katika hatua ya 1:

- Zzz ni freti ya 1 hadi ya 4 au 5, juu ni safi: shingo imenyooka mno au imebinuka nyuma.
- Zzz ni kuanzia ya 12 kwenda juu: nyuzi ziko chini, au kuna kinundu shingo inapoungana na mwili.
- Zzz ni uzi wazi tu, ukibonyeza freti yoyote inaisha: mfereji wa ile nati ya kichwani, unapopita uzi, umechimbika.
- Zzz ni sehemu moja tu: freti moja imeinuka.

Pima shingo. Bonyeza uzi wa E freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine pale shingo inapoungana na mwili. Uzi umekuwa rula. Tazama upenyo kati ya uzi na freti ya 7. Unatafuta milimita 0.3 hivi. Karatasi moja ya fotokopi ina takriban 0.1, kwa hiyo tatu zipite zikigusa kidogo. Zikipita nne tano kwa raha, shingo imepinda mbele. Hata moja ikikwama, imenyooka mno.

Rekebisha trasi rodi. Tumia ufunguo unaoingia barabara. Ukilegea utakula kona na hapo gharama inapaa. Kukaza, mwelekeo wa saa, kunanyoosha shingo. Kulegeza kunaiacha ipinde mbele. Robo ya mzunguko, siyo zaidi, kisha tyuni upya, upime upya. Usiku mmoja ukipita, pima tena, kwa sababu mbao haimalizi kusogea papo hapo. Ikikataa kuzunguka, acha. Trasi rodi ikikatika, shingo nzima inaweza kwenda nayo.

Kisha urefu wa nyuzi, na siyo kabla. Pima kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Anzia milimita 2.5 kwa E na 2 kwa G. Zungusha vile viskurubu vya kiti cha uzi kwenye brigi, pande zote mbili kwa usawa. Anayepiga kwa nguvu apandishe. Wengi huanzia hapa na kuacha shingo. Wanapandisha nyuzi, zzz za chini zinabaki, na juu pamekuwa pagumu kubonyeza.

Freti iliyoinuka. Ikilia ukibonyeza ya 5 na kunyamaza ukibonyeza ya 6, mkosaji ni ya 6. Simamisha kadi ya benki kwa makali juu ya freti tatu, inayoshukiwa ikiwa katikati. Kwenye besi ya kawaida tumia upande mrefu wa kadi kati ya freti ya 3 na ya 10, na upande mfupi kuanzia ya 10. Ikibembea, freti ya katikati imeinuka. Jaribu kuibonyeza kwa kipande cha mbao. Ikizama na kurudi, imeachia. Kusawazisha freti kwa tupa ni kazi ya fundi wa magitaa. Nati iliyochimbika nayo hubadilishwa.

*Ukifaulu:* ukipiga kwa nguvu yako ya kawaida, kila freti inatoa noti inayokufa polepole, bila zzz inayosikika kwenye amplifaya.

## Hatua ya 8: Kilicholegea

Kelele isiyofuata freti, inayotokea kwenye noti fulani popote unapoipiga, ni ya kitu kinachotetema na noti hiyo. Piga noti yenyewe kwa mkono mmoja na ushikeshike kwa mwingine: skurubu za tyuna, pini za mkanda, viskurubu vya viti vya brigi, nobu, kifuniko cha betri, betri yenyewe. Ukishika na kelele ikafa, umeipata. Nati ya trasi rodi iliyolegezwa hadi haivuti kitu hulia ndani ya shingo.

## Hatua ya 9: Mikono

Besi nyingi zinazoletwa kwa ajili ya "kelele" ni nzima. Piga A kwenye uzi wa E, freti ya 5, halafu uuzime. A inaendelea kulia, kwa sababu uzi wa A ulio wazi una noti hiyohiyo na umeamka wenyewe. Bendi ikipiga, hili linageuka matope yasiyo na chanzo.

Kidole gumba cha mkono wa kupigia kisibaki juu ya pikapu muda wote. Ukihamia uzi wa D, gumba lilale juu ya E na kugusa A. Vidole vya mkono wa kushoto vilaze nyuzi za chini yake. Fanya zoezi hili polepole: noti moja, kimya kamili, noti moja, kimya kamili.

Uzi ukigonga freti kila unapopiga, punguza nguvu ya kidole na ongeza voliumu. Bonyeza karibu na chuma cha freti, nyuma yake tu. Mlio wa kidole kuteleza ni wa nyuzi zenye mikunjo. Nyuzi bapa zinaupunguza sana, ila na ung'avu wa sauti nao unapungua.

## Hatua ya 10: Spika na chumba

Chomeka besi nyingine, au cheza muziki wa simu kupitia spika hiyohiyo. Ikitetema vilevile, kaza skurubu za spika na wavu wa mbele. Ukiwa umezima, sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua, na spika inahitaji fundi.

Halafu chumba. Kanisa au ukumbi wa mabati una noti zake, na zikipigwa paa linaimba. Panda kutoka E ya chini, nusu hatua kwa nusu hatua, mtu mwingine akizunguka. Ya kwanza kuchunguzwa iwe ngoma ya sneya: zile nyaya za chini yake hutetema kwa besi hata mpiga ngoma akiwa ameketi, na mpini wake wa pembeni unazilegeza zisiguse ngozi. Kisha vioo vya madirisha, na chochote kilichowekwa juu ya amplifaya. Noti sugu ipunguze kwenye ikwalaiza ya amplifaya, na usogeze spika mbali na kona.

## Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mpelekee besi pamoja na waya unaoutumia, na karatasi yenye mambo manne: kelele inasikika bila amplifaya au hapana, uzi na freti, ukigusa nyuzi inapungua, inapanda au haibadiliki, na ulichokwisha kukibadili, ukitaja mizunguko ya trasi rodi na upande ulioizungushia. Muombe akufungulie mbele yako akuonyeshe palipoachia kabla hajachomelea.